Mteja akisema "bring forward", usisogeze mbele

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kupokea wageni wa Kilimanjaro hapa Moshi. Wiki iliyopita nilikuwa na miadi ya kuongea kwa video na mteja wa Uingereza, siku ya Alhamisi. Akaniandikia hivi: "Something's come up on Thursday, I'm afraid. Could we bring the call forward by two days? If not, we may have to call it off." Nikaelewa anaomba tusogeze mbele siku mbili, yaani Jumamosi. Nikamjibu: "Confirmed, no problem." Jumanne nikiwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, napokea wageni wengine, ukaingia ujumbe: "I've been waiting for forty minutes. I take it you're not going to turn up." Bosi hajafurahi hata kidogo. Naomba unieleweshe vitenzi hivi, na namna ya kuthibitisha miadi nisije nikarudia. Na je, nimwandikie tena au nimwache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umwandikie, na barua yenyewe tutaiandika pamoja mwishoni. Ila usijilaumu kupita kiasi. Kosa ulilofanya hulifanya mtu ambaye Kiswahili chake ni kizuri. Ulitafsiri neno kwa neno, na kila neno ulilipatia. Kilichokuangusha ni kwamba mbele ya Mwingereza na mbele yetu haziko upande mmoja.

Sikiliza tunavyosema. Siku zijazo ni "huko mbele ya safari". Zilizopita ni "siku za nyuma". Kwetu wakati ni barabara iliyotulia, na anayetembea ni mtu. Ndiyo maana gazeti likiandika kwamba mechi imesogezwa mbele, shabiki anajua atangoja zaidi, na tarehe ya mtihani ikirudishwa nyuma, mwanafunzi anajua siku zimepungua. Hakuna anayehitaji kuelezwa.

Kwenye miadi, Kiingereza mara nyingi hugeuza picha hiyo. Mtu amesimama, na siku ndizo zinazomjia. Jifikirie upo dirishani zahanati, wewe ndiye nesi, na siku za wiki zimepanga foleni mbele yako: Jumatatu ndiyo iliyo karibu na dirisha, Jumanne nyuma yake, Jumatano, Alhamisi. Ukimwita mgonjwa aliye nyuma asogee karibu na dirisha, atatibiwa mapema. Hiyo ndiyo "bring forward": kuleta karibu, kuwahisha. Ukimwambia arudi nyuma ya foleni, atachelewa. Hiyo ndiyo "push back", na nduguye wa Kiingereza cha Uingereza, "put back". Zote mbili ni kuchelewesha.

Kwa hiyo "bring the call forward by two days" kutoka Alhamisi ilikuwa Jumanne. Na siku mteja atakapokuandikia "Can we push it back a week?", ukitafsiri "turudishe nyuma wiki moja" utakuwa umekosea tena, safari hii kwa kuwahi. Nasema hivyo kwa sababu wanafunzi wangu wakishaponea kwenye la kwanza, huangukia kwenye la pili. Weka kichwani ile foleni ya zahanati, usiweke barabara.

Usidhani wenye lugha wenyewe wametulia kwenye jambo hili. Mwaka 2002 watafiti wawili, Lera Boroditsky na Michael Ramscar, walichapisha matokeo ya kuwauliza wazungumzaji wa Kiingereza huko Marekani swali moja jepesi: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa "moved forward two days", je, sasa ni siku gani? Wengine walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa. Swali hilo hilo lilipoulizwa uwanja wa ndege, waliokuwa wametoka safarini au wanangoja kupanda ndege walielekea kwenye Ijumaa zaidi kuliko wale waliokuja tu kupokea wenzao. Aliyekwisha kujiona msafiri huona wakati kama sisi tunavyouona. Angalia basi: kitenzi kilikuwa "move forward", si "bring forward". Hicho cha pili kimetulia, maana yake ni kuwahisha. Hicho cha kwanza kinagawa watu, na "move back" nacho si cha kuaminika. "Move up" wa Marekani kwa kawaida ni kuwahisha, kama foleni inavyosogea, lakini mimi singempandia mtu ndege kwa neno hilo peke yake.

Halafu kuna saa za ukutani, ambazo zimekuja kuvuruga kila kitu. Waingereza husema "the clocks go forward" Jumapili ya mwisho ya Machi, na hapo saa inaruka kwenda namba kubwa zaidi, yaani mbele kwa maana yetu sisi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba "they go back". Kwa hiyo saa ikienda "forward" inakimbia, na mkutano ukiletwa "forward" unawahi. Lugha ni yao, wacha wahangaike nayo. Sisi tuandike tarehe.

Wahindi wao hutumia neno "prepone", kinyume cha "postpone". Ni neno zuri, fupi, lisilo na utata, na Mwingereza wa kawaida atakuangalia kama umeongea Kichaga. Usimwandikie.

Sasa nirudi kwenye jibu lako, maana hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi kuliko hilo la "forward". Uliandika "Confirmed, no problem." Umethibitisha nini? Yeye kichwani ana Jumanne, wewe una Jumamosi, na neno "confirmed" limewafaa wote wawili. Lau ungeandika "Confirmed: Saturday", angeshtuka palepale, akakurekebisha kwa mstari mmoja, na leo usingekuwa unaniandikia. Kuthibitisha miadi kwa Kiingereza ni kumrudishia mtu maneno yake kwa sura nyingine: alete kitenzi, wewe mrudishie siku. Akisema "bring forward by two days", jibu "So that's Tuesday the 9th at 10 a.m. your time." Akisema "push back a week", mrudishie tarehe. Neno "so" hapo mwanzoni lina kazi. Lina ile sauti ya "kwa hiyo nimekuelewa hivi", na linampa nafasi ya kusema hapana bila yeyote kuaibika.

Nizungumze kidogo juu ya vitenzi hivi kwa jumla, kisha nirudi kwenye vile utakavyokutana navyo ofisini. Vitabu vya Kiingereza huviita "phrasal verbs". Mimi darasani naviita vitenzi vyenye mkia. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba hapa ndipo wageni wanaojifunza Kiingereza wanapopata taabu kubwa kuliko zote: kitenzi kinachogeuzwa maana na kijineno kilichobandikwa nyuma yake. Karibu miaka 270 imepita na taabu ipo palepale.

Lakini sisi hatupaswi kushangaa. Kiswahili nacho hucheza na mkia, ila mkia wetu umeunganishwa. Chukua "piga": kuna pigia, pigana, pigisha, pigwa. Chukua "funga", ongeza herufi moja tu uone "fungua" inavyoigeuza chini juu. Mtoto wa miaka minne wa Tanga anafanya hivyo bila kufikiri. Mwingereza naye ana "put", akiongeza "off" ni kuahirisha, akiongeza "back" ni kuchelewesha, akiongeza "down" ni kuandika jina la mtu kwenye orodha. Mkia ndio unaobeba habari. Ukisoma kitenzi ukaacha mkia, ni sawa na kusikia "fung" halafu ukabahatisha.

Kuna faida nyingine ya kuwa Mswahili hapa. Wanafunzi wengi duniani huteseka na mahali pa kuweka "it". Ni "put off the meeting" au "put the meeting off", zote sawa, lakini ukitumia kiwakilishi lazima kikae katikati: "put it off", "call it off", "bring it forward". Huwezi kusema "put off it". Sasa tazama sisi: ni-me-u-ahirisha. Hiyo "u" ya mkutano imekaa wapi? Katikati ya kitenzi. Mwingereza anafanya hivyo hivyo, amechomeka "it" tumboni. Vile vya maneno matatu kwa kawaida havikubali jambo hilo, mathalani "look forward to it", "get back to you". Hivyo humeza kitu chake mwishoni.

Na kwa kuwa nimeitaja "look forward to": inafuatwa na "-ing". "I look forward to meeting you." Barua nyingi za kwetu zinamalizika "looking forward to hear from you", na mteja haoni shida kukuelewa, lakini ofisi inayouza safari za mamilioni ya shilingi haina haja ya kufunga barua kwa kosa.

Tuchukue ujumbe wake mstari kwa mstari. "Something's come up" ni "nimepata udhuru", hakuna zaidi. Kwa adabu yetu, mtu akisema amepata udhuru unauliza: kuna nini, nyumbani salama? Kunyamaza ni kama kutojali. Kwa Mwingereza, msemo huu umetengenezwa makusudi ili usiulize. Ni pazia. Unaweza kusema "I hope everything's all right" ukaishia hapo, bila alama ya kuuliza. Nawe ukipata msiba au gari likiharibika Himo, huna lazima ya kueleza yote. "I'm afraid something's come up" inatosha, ilimradi sentensi inayofuata itoe siku nyingine.

"Call it off" ndiyo iliyokuwa hatari ya kweli kwenye ujumbe huo, na nadhani uliipita haraka. "Put off" ni kuahirisha: miadi ingali hai, imepigwa kalenda tu. "Call off" ni kufuta. Ichukulie kama mwindaji anayewaita mbwa wake waache kufukuza, wakarudi nyumbani, na paa akaenda zake. Alikuwa anakwambia kwa upole kabisa kwamba Jumanne isipowezekana, huenda biashara imeisha. Waingereza huweka kisu kwenye kitambaa. Maneno "I'm afraid", "we may have to", "I take it" yote ni vitambaa.

"Turn up" ni kutokea, kama tunavyosema "alisubiriwa hakutokea". Wamarekani hupendelea "show up". Tahadhari moja: kinyume chake si "turn down". "Turn down" ni kukataa, mathalani kukataa mwaliko au bei.

Sasa kitenzi ambacho kinanidai hadithi. Zamani, kabla treni ya umeme haijaanza, nikiwa Morogoro, ofisi moja ya Dar es Salaam ilinitafuta kwa kazi ya ukalimani. Bwana mmoja akaniandikia: "I've pencilled you in for Thursday." Nikafurahi. Nilijua "pencil" ni penseli, na kuandikwa ni kuandikwa. Nikapanda basi la alfajiri, nikashuka Ubungo jua limeshapanda, nikafika ofisini nimenyoosha shati. Mapokezi wakatafuta jina langu, halipo. Yule bwana akatoka, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema: "But we never firmed it up." Nilinunua chapati mbili na chai, nikarudi Morogoro.

Kwa nini penseli? Kwa sababu inafutika. "Pencil in" ni kukuwekea nafasi ambayo mtu anaweza kuifuta kesho bila kukutafuta. Sisi tuna neno lenye kazi inayokaribiana nalo, "inshallah", au "tuombe uzima", ingawa letu linamwachia Mungu na lao linamwachia kifutio. Ukiambiwa umeandikwa kwa penseli, usilipie chochote. Uliza: "When can we firm that up?" Ndiyo, "firm up" ni kukaza, kuigeuza miadi laini kuwa ngumu. "Nail down" ni ile ile, imepigiliwa misumari. "Pin down" mara nyingi huelekezwa kwa mtu: "I've been trying to pin him down for weeks", mtu anayeteleza kama kambale, kila ukimbana atoe tarehe anatoa tabasamu. Hiyo usimwandikie mteja kumhusu yeye mwenyewe, itamkera. Mwandikie mwenzako wa ofisini.

Ukishakaza, siku moja au mbili kabla unahakikisha. Hapa ndipo kuna sentensi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inaendana na Kiswahili kama kiganja na glovu: "Are we still on for Tuesday?" Yaani, ile ya Jumanne ipo palepale? Fikiria swichi ya taa. Miadi iliyopo ni "on", iliyofutwa ni "off". Hata "call off" na "put off" zina "off" hiyo hiyo ndani yake. Jibu ni "Yes, still on", au "Yes, all set for Tuesday at 10." Usijibu "Yes, we are on Tuesday", maana hapo unamwambia kwamba leo ni Jumanne.

Akikaa kimya, unamkumbusha kwa "I'm just following up on my message below." Kijineno "just" kinapunguza makali. Na yeye akikujibu "I'll get back to you", tazama kama ameweka siku. "I'll get back to you by Friday" ni ahadi, na Ijumaa ikipita una haki ya kuuliza. "I'll get back to you" tupu ni ile "nitakucheki" yetu, ambayo wewe na mimi tunajua thamani yake. Tafadhali usitumie "kindly revert" ukimaanisha ajibu. Inatumika sana kwenye ofisi za Afrika Mashariki na India, lakini kwa Mwingereza wa kawaida "revert" ni kurudi hali ya zamani, na atajiuliza arudi hali gani.

Kwa kazi yako ya Moshi, kuna kitenzi kimoja kinachovuja kila siku, na sijaona ofisi isiyokivujisha. Tunaandika: "Our driver will pick you at 6 a.m." Mkia umeanguka. "Pick you" ni kukuchagua, kama embe kwenye fungu. Dereva atakayempitia mgeni hotelini "will pick you up". Na akimrudisha "will drop you off". Kenya wanaangusha mikia hii, Uganda wanaangusha, sisi tunaangusha, na tukiwa wenyewe kwa wenyewe haina neno. Ila mgeni anayetua KIA usiku, simu ina asilimia nne za chaji, anahitaji kusoma kitu kisicho na tundu: "Our driver will pick you up outside Arrivals and drop you off at your hotel in Moshi." Cha ajabu, mikia tunayoinyima "pick" tunaigawa pasipohitajika: tunaandika "cope up with" ilhali "cope with" imeshatosha.

Dereva akikwama kwenye foleni, "he's been held up in traffic". Maliza sentensi, usiache "he's been held up" peke yake, kwa sababu "held up" ni pia kuvamiwa na wenye bunduki. Nimewahi kumwona mama mmoja wa Kizungu akibadilika rangi kwa ujumbe wa maneno manne.

Vingine ni vyepesi. "Fit in" na "squeeze in" ni kukuchomeka kwenye ratiba iliyojaa: "She can squeeze you in at 11:45." Ukipewa nafasi kama hiyo, fika kabla ya muda. "Fall through" ni mpango kugonga mwamba bila mtu fulani kulaumiwa, na "back out" ni mtu kuingia mitini baada ya kukubali, kwa hiyo lawama ipo. Tofauti hiyo itakusaidia ukitaka kumwandikia mteja kwamba kundi aliloungana nalo halipo tena: "The group booking fell through" inalinda heshima ya kila mtu. "Stand someone up" ni kumtosa mtu aliyekungoja, na ni la mahaba zaidi kuliko la biashara, ingawa ukweli ni kwamba ndicho ulichomfanyia huyu wa Jumanne.

Nilisema tuandike tarehe. Tarehe nazo zina mitego yake. Ukiandika 9/6, Mwingereza anasoma tarehe 9 Juni kama sisi, Mmarekani anasoma Septemba 6. Andika jina la mwezi. Ukisikia "half eight" kwa Mwingereza ni saa mbili na nusu, dakika thelathini baada ya saa mbili. Na saa yetu wenyewe ni mtego mkubwa kuliko yote: kichwa kinasema saa nane, vidole vinaandika 8, na mteja anafungua kompyuta asubuhi wakati wewe umepanga mchana. Jizoeze kuigeuza kwa sauti kabla ya kuandika. Saa nne asubuhi ni 10 a.m., saa nane mchana ni 2 p.m.

Ongeza tofauti ya nchi. Tanzania haibadilishi saa. Uingereza hubadilisha, kwa hiyo kiangazi chao tunawatangulia saa mbili, na majira yao ya baridi saa tatu. Miadi ya kila wiki ya saa nne asubuhi ya London, uliyoizoea saa sita mchana Moshi, baada ya Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba inakuwa saa saba mchana, wala hakuna aliyeandika "push back". Marekani hubadilisha tarehe tofauti na Uingereza, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna majuma machache kila mwaka ambapo hesabu uliyoizoea inakosea kwa saa nzima. Andika saa zote mbili, yake na yako. Mstari mmoja tu.

Basi, barua. Usiseme mtandao ulikuwa mbaya. Waingereza wameusikia mtandao huo mara nyingi. Sema kilichotokea, kwa sababu kilichotokea ni kosa la lugha, na kosa la lugha huleta huruma kuliko visingizio. Andika hivi:

"I'm very sorry I didn't turn up for our call on Tuesday. I misread your message and thought 'bring forward' meant two days later, so I had you down for Saturday. The mistake was entirely mine. If you are still happy to talk, could we do Tuesday 9 June at 10 a.m. your time, which is 12 noon here in Moshi? If that doesn't suit you, please give me any day and time that week and I'll fit in with you."

Ona "had you down for", ile "put down" ya kuandikwa kwenye orodha, sasa imepona na kusimama vizuri. Ona pia "fit in with you": nitajipanga kufuatana na ratiba yako, ambayo si sawa na kuchomekwa. Na "suit" sikuiwekea mkia wowote, maana haina.

Akijibu "That works" au "See you then", miadi imekaa. Mrudishie siku na saa kwa mstari mmoja, na Jumatatu muulize kama "we're still on". Akijibu "I'll pencil it in", mshukuru, na usiwaite wapagazi bado.